Hilux ya 3L haitulii silensa: tafuta hewa kabla ya kulaumu pampu

Swali limetoka kwa msomaji wa Igombe, Mwanza, mwenye Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 3L, anayobebea sangara na dagaa kuleta mjini. (Silensa ni mzunguko wa injini usipokanyaga mafuta; resi ni kasi ya mzunguko huo.) Anaandika: "Asubuhi napiga starti mara tatu au nne ndipo liwake, na linatoa moshi mweupe. Likishawaka, silensa inapanda na kushuka yenyewe bila mimi kugusa mafuta. Nikiteremka Mabatini na kunyanyua mguu, linazima. Siku nyingine ni kinyume chake: naachia eksileta na resi inabaki juu. Fundi wa kwanza alikaza skrubu ya silensa, gari likatulia siku mbili tu. Wa pili anasema pampu imekufa, ninunue nyingine. Ninunue?"

Ndugu yangu, usinunue bado. Kwa dalili hizi pampu, ile inayosukuma dizeli kwenye silinda, ni mshukiwa wa mwisho. Tena umetaja magonjwa mawili yaliyo ndani ya gari moja. Kuwaka kwa shida, silensa kupanda na kushuka, na kuzima ukinyanyua mguu, huo kwa kawaida ni ugonjwa mmoja. Resi kubaki juu ni mwingine kabisa. Ukiyatibu kwa pamoja utazunguka gereji zote za Nyakato na gari halitapona.

Tuanze na jinsi injini hii inavyoupokea mguu wako. Kwenye gari la petroli, eksileta hufungua mlango wa hewa. Kwenye 3L, eksileta huvuta kebo, kebo huzungusha mkono ulio juu ya pampu, na mkono huo hukaza springi ya gavana iliyomo ndani. Gavana ndiyo inayoamua dizeli iende kiasi gani. Ukiwa silensa, inapima pigo kwa pigo: mizunguko ikishuka inaongeza, ikipanda inapunguza. Na kiasi chenyewe ni kidogo mno. Dizeli inayoingia silinda moja kwa pigo moja la silensa ni ndogo kuliko punje ya mchele. Sasa povu dogo la hewa likipita hapo, silinda imekosa mgawo wake. Mizunguko inaanguka, gavana inaongeza dizeli, povu limeshapita, injini inaruka juu, gavana inabana, kisha povu jingine linafika. Huko ndiko kupanda na kushuka unakokusikia. Ukiwa barabarani na resi kubwa, povu lilelile linamezwa na wingi wa dizeli, wala hulihisi. Ndiyo maana gari linaweza kupanda vizuri na mzigo wa sangara halafu lizime getini kwako.

Kingine ambacho mafundi wengi hukipita: pampu ya 3L inajivutia dizeli yenyewe. Hakuna pampu ndogo ya kusukuma kutoka kwenye tenki. Mapanga yaliyomo ndani ya pampu kubwa yanafyonza kutoka tenki, kupitia filta, hadi ndani. Maana yake, injini ikiwa inafanya kazi, njia yote ya kuja ina mvuto, haina msukumo. Tundu lililo kwenye njia hiyo halidondoshi dizeli nje, linaingiza hewa ndani. Fundi akikagua na kukuambia "hakuna panapovuja" anasema kweli, lakini hajathibitisha lolote. Na usiku, injini ikiwa imezimwa, hewa hupenya kwenye tundu hilohilo na dizeli hurudi tenki polepole. Asubuhi starti inaizungusha pampu ikiwa na njia tupu.

Kesho alfajiri, kabla ya kugusa ufunguo, fungua boneti na ubonyeze pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli. Hesabu. Kama njia imejaa, mibonyezo michache tu na inakuwa ngumu. Kama unabonyeza mara 20 au 30 ndipo inashika ugumu, dizeli ilikuwa imerudi tenki. Ikishakuwa ngumu, pasha plagi za moto (zinazopasha silinda kabla ya kuwasha) kama kawaida na uwashe. Likiwaka kwa mara ya kwanza, umepata jibu bila spana: hewa. Lisipobadilika, yaani pampu ya mkono ilikuwa ngumu tangu mwanzo na bado gari linakataa na kutoa moshi mweupe, elekea kwenye plagi za moto au kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda), nami nitafika huko.

Mwanza ina vilima vya kutosha kwa jaribio la pili. Usiku mmoja egesha gari pua ikitazama chini ya mteremko, usiku wa pili pua ikitazama juu. Weka gia, na jiwe kwenye tairi upande wa chini wa mteremko. Pua ikiwa chini, tenki linakuwa juu kuliko pampu na dizeli haina pa kurudi. Pua ikiwa juu, inateremka yote. Gari linalowaka vizuri siku ya kwanza na kukataa siku ya pili lina tundu kwenye njia ya kuja. Sijui jaribio la bei nafuu kuliko hili.

Sasa tulione tundu lenyewe. Nunua mita moja ya mpira mweupe unaoonyesha ndani, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8, na klipu nne. Ufunge kati ya filta na pampu badala ya mpira mweusi. Jaza kwa pampu ya mkono, washa, acha dakika mbili. Mapovu ya mwanzo ni hewa uliyoiingiza mwenyewe ulipofungua. Baada ya hapo dizeli inapaswa kupita kama chai ya rangi, safi, bila kitu kinachotembea ndani. Mapovu yakiendelea, ukiona mstari mwembamba usiokwisha au funda kubwa kila baada ya sekunde chache, hewa inaingia nyuma ya mpira huo. Hamisha mpira uufunge kabla ya filta. Mapovu yakiwapo hata hapo, tatizo liko kati ya filta na tenki. Yakipotea, ni filta yenyewe au kichwa chake.

Kwenye gari la samaki kama lako, ningetazama sehemu hizi kwa mpangilio huu. Kwanza pampu ya mkono: mpira wake wa ndani huchoka, na hewa hupita bila dizeli kutoka. Pili, oringi ya filta na oringi ya kizibo cha kutolea maji chini yake. Filta ikibadilishwa, oringi ya zamani huachwa humohumo au mpya hufungwa kavu. Ipake dizeli, funga kwa mkono, usitumie mnyororo. Tatu, mipira mifupi iliyo juu ya tenki, ambayo haijaguswa tangu gari litoke kiwandani kwa sababu haionekani. Ikunje kwa vidole. Ikionyesha nyufa kama kisigino kilichopasuka, itupe.

Nne, bomba la chuma linalopita kwenye chasi, na hapo nakuomba ulale chini ya gari na tochi. Maji ya barafu na ya samaki yanayochuruzika kutoka kwenye bodi hudondokea palepale bomba lilipofungwa kwenye chasi, na kama umewahi kubeba kayabo, samaki waliokaushwa kwa chumvi, chumvi yake inakula chuma mara mbili. Kwangua kutu kwa kisu. Bomba zima litatoa sauti ya chuma. Lililooza litakwanguka kwa magamba, na tundu la ukubwa wa sindano linatosha kukuharibia silensa. Kata sehemu mbovu, unga kwa mpira wa dizeli na klipu mbili kila upande. Mpira wa maji usiutumie, dizeli huulainisha ukajikunja ndani.

Ukiona gari linasumbua tenki likiwa chini ya robo tu, na likijaa linapona, fungua kifuniko cha juu cha tenki uvute bomba la kufyonzea. Mara nyingi huwa limetoboka kwa kutu karibu na chini: dizeli ikiwa juu ya tundu hakuna shida, ikishuka chini yake bomba linafyonza hewa.

Kuna jaribio la mwisho la njia, na ndilo ninalotaka ulifanye mbele ya fundi anayesema pampu imekufa. Chukua dumu safi la lita 5, weka dizeli iliyochujwa, liinue liwe juu ya pampu, kwa mfano lifungwe kwenye kioo cha pembeni. Peleka mpira kutoka ndani ya dumu moja kwa moja hadi kwenye pampu, na mpira wa kurudisha uingie dumu hilohilo. Filta, bomba na tenki vyote sasa havimo. Washa, acha dakika kumi. Silensa ikitulia, pampu yako ni nzima na mtu alitaka kukuuzia kitu usichohitaji. Isipotulia, na mpira wa kuja hauna povu hata moja huku wa kurudi una mapovu, hewa inaingia ndani ya pampu yenyewe, na hapo mahali pa kwanza ni ekseli ya mkono wa eksileta iliyo juu ya pampu. Injini ikiwa silensa, isukume ekseli hiyo kwa kidole gumba kwenda pembeni, kwa upole. Mizunguko ikibadilika au dizeli ikitokeza shingoni, oringi ya ekseli imekwisha. Hiyo ni oringi na gasketi ya kifuniko cha juu, kazi ya fundi pampu, na bei yake haikaribiani hata kidogo na bei ya pampu nzima.

Ukiwa hapo, tazama boliti mbili za mabomba kwenye pampu, ya kuja na ya kurudi. Zinafanana, lakini ya kurudi ina tundu jembamba ndani na kichwani imeandikwa OUT. Tundu hilo ndilo linaloshikilia presha ndani ya pampu. Fundi akizibadilisha bila kujua, ya kuja inakuwa nyembamba, pampu inanyimwa dizeli na presha yake inavuja kwa kurudi. Gari linakosa nguvu na silensa inayumba, na mtu anaweza kufungua injini nzima kabla hajazitazama boliti hizo.

Filta ibadilishe kila kilomita 10,000 kama unanunua dizeli ya madumu, na kila wiki legeza kizibo cha chini mizunguko miwili, bonyeza pampu ya mkono mara kadhaa, maji yatoke. Kando ya ziwa unyevu wa usiku hugeuka matone ndani ya tenki lililo nusu tupu, kwa hiyo jaza jioni, si asubuhi. Maji yakifika kwenye pampu ndipo itakufa kweli, kwa sababu vyuma vyake vya ndani vinalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa mafuta ya taa inafanya vivyo hivyo, polepole zaidi.

Kifuniko cha tenki nacho hudanganya watu. Kikiziba tundu lake la kupumulia, gari huenda vizuri dakika 20 au 30, kisha linalegea na kuzima. Ukisimama kidogo linawaka tena. Zamani, kwenye safari ya Sengerema, kusubiri kivuko kulilipa tenki muda wa kupumua na ugonjwa huu ulijificha. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwezi Juni 2025 unapita moja kwa moja, na ugonjwa unajitokeza. Likizima, fungua kifuniko usikilize: likifyonza hewa kwa sauti, kisafishe au ununue kingine.

Kuhusu kuzima, sikiliza namna linavyozima. La hewa huyumba, hukohoa, ndipo hufa. Likikatika ghafla kama mtu aliyezungusha ufunguo, hasa kwenye rasta au shimo, tazama swichi ya kukata dizeli iliyo juu ya pampu, yenye waya mmoja. Washa ufunguo bila kupiga starti, chomoa waya na urudishe: lazima usikie "tak". Nati iliyolegea au waya uliooza hukata umeme kwa sekunde moja, na sekunde hiyo inatosha. Kipimo cha umeme kionyeshe karibu volti 12 hapo.

Sasa resi kubaki juu. Zima injini, ondoa kapeti la miguuni, mtu aachie eksileta huku wewe ukitazama mkono wa pampu. Mkono lazima urudi mpaka ugonge skrubu ya silensa. Usipoigonga, tatizo ni la nje: kebo iliyochanika nyuzi ndani ya ala, springi ya kurudishia iliyolegea, au kitufe cha kuvuta resi kwa mkono kwenye dashibodi, kama gari lako linacho, kilichosahaulika nusu. Chomoa kebo upande wa pampu uivute kwa vidole, ikikwaruza, badilisha. Kuipaka grisi kunasaidia mwezi mmoja tu.

Mkono ukigonga skrubu na resi bado iko juu, uliza swali ambalo mafundi hawapendi kuulizwa: thamostati, ile inayoyabana maji hadi injini ipate joto, iko wapi? Gereji nyingi huitoa zikidhani zinazuia injini kuchemka. Pampu nyingi za 3L zina kifaa cha kuwashia baridi chenye nta ndani, kinachopitiwa na maji ya injini. Maji yakiwa baridi, nta imejikunja, na kifaa kinausukuma mkono ili silensa iwe juu kidogo na taimingi (wakati wa kuingiza dizeli) itangulie. Maji yakipata moto, nta inavimba na kuuachia mkono. Bila thamostati injini haipati joto lake, nta haivimbi sawasawa, silensa inabaki juu na injini inagonga kama ya asubuhi kutwa nzima. Mpira wake wa maji ukiziba, au rejeta ikipungua maji, matokeo ni yaleyale. Injini ikiwa ya moto, shika mipira miwili midogo ya kifaa hicho kwa kitambaa: yote miwili iwe ya moto.

Sababu ya tatu ya resi kubaki juu ni bisibisi. Pampu hii ina skrubu tatu za kurekebishia. Ya silensa unaruhusiwa kuigusa. Ya mwisho wa resi imefungwa kwa waya na risasi; iache. Ya kiasi cha dizeli iko nyuma ya pampu, karibu na mabomba ya nozeli (zinazonyunyizia dizeli kwenye silinda), na hiyo ndiyo inayofanyiwa dhambi. Ikikazwa, dizeli inaongezeka kote, gari linapata nguvu za siku chache na silensa inapanda. Kisha fundi analegeza skrubu ya silensa kuficha. Ukikuta skrubu ya silensa imelegezwa hadi mwisho na bado resi iko juu, na bomba linatoa moshi mweusi ukikanyaga, ujue huko nyuma kumeguswa. Sisi tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu tayari ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na dizeli ya ziada haina hewa ya kuiunguza. Inageuka masizi na joto. Ikikazwa kupita kiasi, injini inaweza kukataa kushuka kabisa. Ikitokea hivyo na ufunguo haufui dafu, weka gia ya juu, kanyaga breki kwa nguvu na uachie klachi, au ziba mdomo wa hewa kwa ubao. Usitumie mkono.

Turudi kwa gari ambalo halina hewa. Kama halipandi na kushuka, bali linatetemeka kwa mapigo, silinda moja haifanyi kazi. Vaa miwani, injini ikiwa silensa, legeza kwa spana ya 17 nati ya bomba la nozeli ya kwanza, nusu mzunguko tu, kisha kaza. Endelea ya pili hadi ya nne. Silinda nzima ukiilegeza injini inayumba zaidi. Ile ambayo ukilegeza hakuna kinachobadilika ndiyo mgonjwa. Usiweke kidole karibu na mrusho: dizeli hapo ina presha ya kutoboa ngozi, na jeraha linaloonekana kama la sindano ni la kukimbiza hospitali saa hiyohiyo. Ukimpata mgonjwa, badilishana nozeli yake na ya jirani, ukitumia washa (pete ya kuzibia) mpya chini. Ugonjwa ukihama na nozeli, peleka zote nne zikapimwe kwenye mashine. Ukibaki silinda ileile, pima kompresheni: 3L nzima hutoa karibu kilo 32 kwa sentimita ya mraba, chini ya 20 imechoka, na tofauti ya silinda kwa silinda isizidi 5. Kabla ya kuhukumu, pima nafasi za valvu injini ikiwa ya baridi: za kuingizia milimita 0.20 hadi 0.30, za kutolea 0.40 hadi 0.50. Valvu zikibana, kompresheni inavuja na silensa ya asubuhi ndiyo inayoumia kwanza.

Plagi za moto ni rahisi. Kama gari linatetemeka na moshi mweupe kwa dakika moja tu asubuhi, kisha linatulia siku nzima, chomoa bamba linaloziunganisha na upime kila moja kwa kipimo cha omu. Nzima huonyesha chini kidogo au juu kidogo ya 1. Iliyokufa haionyeshi kitu. Ukinunua, soma volti zilizoandikwa kwenye ile ya zamani, maana kuna za volti 12 na za chini yake, na ya chini ukiifunga mahali pa 12 inaungua wiki hiyohiyo.

Je, pampu hufa? Hufa, na ina dalili yake: gari linawaka vizuri likiwa baridi, linakataa kabisa likiwa la moto. Zima, tandaza kitambaa kilicholowa maji juu ya pampu, ngoja dakika kumi. Likiwaka baada ya hapo, vyuma vya ndani vimelika, na vikipata joto dizeli inakuwa nyepesi ikavuja pembeni. Wewe hukutaja dalili hiyo hata kidogo, ndiyo sababu nimekuzuia kununua.

Ukishaziba hewa, ndipo urekebishe silensa, injini ikiwa ya moto, taa na feni zimezimwa. Legeza nati kwa spana ya 10, zungusha skrubu robo kwa robo, ngoja sekunde chache kila mara hadi mizunguko ifike karibu 700 kwa dakika, kaza nati. Alama ya skrubu aliyoikaza fundi wa kwanza usiifuate. Aliiweka juu ya injini iliyokuwa inameza hewa, na hewa ikiondoka utaikuta iko juu mno.